Siku Moja Maishani Mwangu: Kuisimika Darubini ya Kompyuta Mjini Arua

Mimi ni fundi wa maabara ya fizikia katika shule moja ya sekondari ya bweni mjini Arua, Uganda. Ijumaa hii ya Februari 2026, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kazi zangu za mchana zote zilielekea kwenye jambo moja la usiku: kuisimika darubini ya shule, ile inayoendeshwa na mota na kompyuta, ili wanafunzi wa kidato cha tatu waitazame sayari ya Mshtarii baada ya chakula cha jioni. Siku haikuchaguliwa ovyo. Mwezi ulikuwa umebaki kipande chembamba kinachochomoza karibu na alfajiri, hivyo saa za mapema za usiku zingekuwa na giza la kutosha, na huku kwetu West Nile mvua za Machi zikishaanza, mawingu huweza kutunyima anga usiku baada ya usiku.

Saa moja na robo asubuhi nilitoka kuiangalia mbingu. Kiangazi cha Arua hakina mawingu mengi, lakini kina vumbi na moshi wa majani yanayochomwa mashambani, na vyote viwili hutanda chini, karibu na upeo wa macho. Jua lilichomoza jekundu, ilhali juu palikuwa na buluu safi. Nikaamua kwamba kazi yetu itakuwa na vitu vya juu, na kwamba sayari ya Zohali, ambayo mwezi huu iko chini magharibi jioni, tutaiwahi mapema au tutaikosa.

Saa mbili nilipima betri. Darubini yetu hutumia volti 12, na mimi huiwasha kwa betri ya asidi iliyochajiwa kwa sola, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta husahau kila kitu ilichofundishwa usiku huo. Multimita ilisoma volti 12.6, ambayo ndiyo betri iliyojaa na iliyopumzika. Betri ikiwa dhaifu, darubini haizimiki tu. Mota huanza kwenda mrama, huzunguka bila kutulia, na mtu asiyejua hudhani gia zimeharibika. Nilihakikisha pia kwamba ncha ya katikati ya plagi ni chanya, maana kugeuza nyaya hapo kunaweza kuunguza saketi ambayo haitengenezeki hapa mjini.

Asubuhi iliyobaki ilikwenda na majaribio ya kidato cha pili, kisha sala ya Ijumaa.

Saa nane mchana niliketi na daftari kuandaa taarifa ambazo rimoti ya darubini huziuliza inapowashwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla nyota hata moja haijaonekana, na kwa hiyo siandiki chochote kwa kukisia. Kwanza ni mahali: Arua iko takriban nyuzi 3 Kaskazini mwa ikweta, na nyuzi 30 na dakika 55 Mashariki. Neno “Mashariki” lina uzito, kwa kuwa rimoti ikiachwa kwenye Magharibi, itadhani inasimama katikati ya bahari ya Atlantiki. Pili ni tarehe, ambayo kifaa chetu huitaka kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Tatu ni saa, na hii lazima iwe ya mtindo wa saa 24: saa mbili kasorobo usiku, kwa rimoti, ni 19:45. Nne ni ukanda wa saa, ambao kwetu Afrika Mashariki ni saa tatu mbele ya saa ya Greenwich, bila kubadilisha saa kwa majira kama wafanyavyo Ulaya. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa moja, na kwa hiyo kosa la saa moja katika taarifa hizi huipeleka darubini nyuzi 15 pembeni ya nyota iliyoombwa, na dakika nne tu za kosa ni nyuzi moja nzima.

Saa kumi na moja jioni tuliibeba darubini hadi ukingo wa uwanja wa mpira, mbali na jiko na ukuta wenye joto. Ni darubini ya kioo na lenzi ya mbele, kipenyo chake milimita 203 na urefu wa fokasi milimita 2032. Kifuniko cha mbele hakikuondolewa, kwa kuwa jua lilikuwa bado juu, na kila mwaka naanza kwa kuwaambia wanafunzi kwamba kulitazama jua kupitia darubini isiyo na kichujio cha jua mbele yake ni kupoteza jicho. Tuliiacha nje mapema kwa makusudi. Kioo kilichotoka stoo yenye joto huendelea kutoa hewa moto ndani ya bomba, na sayari huonekana ikitetemeka. Saa moja au mbili za kupoa hutibu tatizo hilo.

Stendi ya miguu mitatu niliisawazisha kwa pimamaji, nikabonyeza kila mguu kwenye udongo hadi ukagoma kuzama. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini hatuielekezi kwenye Nyota ya Kaskazini kama alivyosoma kitabuni. Nilimweleza kwamba nyota hiyo husimama juu ya upeo wa macho kwa pembe inayokaribiana na latitudo ya mtazamaji, na kwetu ni kama nyuzi 3 tu, yaani ndani ya vumbi na nyuma ya miti. Stendi za kulenga ncha ya mbingu, pale karibu na nyota hiyo, ni ngumu kuzitumia karibu na ikweta, na nyingi hata haziwezi kuinamishwa kiasi hicho. Yetu huenda kulia na kushoto, juu na chini, na kompyuta huziendesha mota mbili kwa pamoja ili kufuata mwendo wa anga. Kwa Uganda, naiona ndiyo chaguo sahihi kwa shule.

Jua lilizama baada ya saa moja. Askari wa shule, mzee aliyewahi kuwa jeshini na ambaye sote humwita afande, alikuja na tochi yake.

“Mwalimu, nizime taa zote?”

“Ya geti iache, afande. Zima za uwanjani peke yake.”

Alizizima, akabaki nasi, akawasimulia wanafunzi jinsi alivyoshuhudia jua likipatwa lote pale Pakwach tarehe 3 Novemba 2013, mchana ukawa giza kwa sekunde chache. Wanafunzi hawa walikuwa watoto wadogo wakati huo, na walimsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Saa mbili kasorobo nyota angavu zilikuwa zimejitokeza, na kazi yenyewe ikaanza. Darubini ina maelfu ya vitu katika kumbukumbu yake, lakini mpaka hapo haikuwa imeona hata kimoja. Njia niitumiayo ni ya kulandanisha kwa nyota mbili, yaani kuionyesha kompyuta nyota mbili ili ijue imeelekea wapi. Nilichagua Sirius, iliyokuwa mashariki ikielekea kusini, na Capella upande wa kaskazini, kwa sababu ziko mbali mbali na hakuna iliyo karibu na utosi wa mbingu, mahali ambapo kosa dogo la kulia na kushoto hukuzwa. Rimoti iliigeuza darubini kuelekea Sirius ikakaribia, lakini haikufika. Nilimpa msichana mmoja aisogeze kwanza kwa kitafutio chenye nukta nyekundu, kisha ndani ya lenzi ya jicho hadi nyota ikae katikati kabisa, na nikamtaka amalizie kwa vitufe vya juu na kulia tu. Gia zote zina mchezo kidogo, yaani ulegevu, kati ya meno yake. Ukimalizia kila mara kwa upande mmoja, mchezo huo hauingii katika hesabu.

“Mwalimu,” aliuliza mkono ukiwa bado kwenye kitufe, “kama kompyuta inazijua nyota zote, mbona inatuuliza sisi Sirius iko wapi?”

Kwangu, swali hilo ndilo moyo wa somo lote. Nilimjibu kwamba kompyuta inajua umbali kati ya nyota na nyota, lakini haijui yenyewe imesimama vipi hapa uwanjani, imeelekea wapi na imeinama kiasi gani. Hayo huyapata kwa mtu anayeweza kuinua kidole akasema kwa hakika, ile ndiyo Sirius. Ukiithibitishia Canopus, ambayo mabaharia wetu huiita Suheli, ukidhani ni Sirius, itakataa ulandanishi kwa kuwa pembe hadi Capella haitalingana na ile iliyo katika kumbukumbu yake, au itakubali na kukupeleka pasipo na kitu usiku kucha. Ndiyo maana huwafundisha kuzitambua nyota angavu kwa macho matupu kabla sijawakabidhi rimoti.

Ulandanishi ulikubaliwa. Tuliiomba Zohali kwanza, nayo ilikuja ikitetemeka kwa moshi, pete zake zikiwa kama mstari, kwani tangu Machi 2025, zilipotuelekea kwa ukingo, bado hazijafunguka sana. Kisha Mshtarii, juu na tulivu, pamoja na miezi yake minne ambayo Galileo aliigundua Januari 1610. Kwa lenzi ya milimita 25 ukuzaji ni mara 81, na kwa ukuzaji huo sayari huvuka uwanja mzima wa lenzi kwa muda usiofika dakika tatu kama mota zimezimwa. Foleni ilikuwa ya wanafunzi zaidi ya arobaini. Mota zilipokuwa zikifuata, wa kwanza na wa mwisho walikuta Mshtarii ile ile katikati, na kwa shule yenye darubini moja hakuna faida inayoishinda hiyo.

Karibu saa tatu tulihamia wingu la gesi lililo katika kundi la nyota la Orion, umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300, na hapa niliwataka wasikilize mota. Kitu hicho kinapovuka kusini kwetu hupita nyuzi 8 tu kutoka utosini, hivyo darubini hulazimika kujigeuza upesi kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa kasi ya karibu nyuzi 100 kwa saa. Mlio wa mota ya chini ulikuwa umebadilika, na waliusikia. Kwa kutazama hapakuwa na shida. Kwa kupiga picha ndefu ingekuwa vigumu, kwa sababu picha nayo huzunguka kwa kasi hiyo hiyo.

Mvulana mmoja alitaka tuifuate PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliyorushwa Novemba 2022. Nilimweleza kwamba setilaiti za chini huvuka anga kwa dakika chache, zinahitaji programu nyingine na data mpya ya njia zake, na kwamba ile ilikuwa mchemraba wa sentimita kumi, mdogo mno kwa kioo chetu.

Saa nne na nusu walikwenda kulala. Betri ilisoma volti 12.2, nikaandika. Rimoti ina uwezo wa kuuhifadhi ulandanishi hadi kesho, lakini kwa sharti kwamba stendi isisogezwe, na yetu lazima irudi stoo. Kwa hiyo kabla ya kulala nilikamilisha barua kwa mwalimu mkuu, nikiomba mifuko ya saruji na nondo za nguzo moja ya zege pale ukingoni mwa uwanja, pamoja na mchoro wa boliti tatu zitakazoishika darubini mahali pamoja kila tunapoitoa.