Albamu ya kwanza ya Tracy Chapman na prodyuza aliyejua kutulia

Hivi mmeshawahi kuisikiliza albamu ya kwanza ya Tracy Chapman mwanzo mpaka mwisho bila kuruka wimbo? Sio Fast Car peke yake, hiyo kila mtu anaijua, nasema albamu nzima, nyimbo 11, kama dakika 36 hivi. Mimi nikiulizwa albamu ya mtu na gitaa lake iliyotengenezwa kwa akili kuliko zote nataja hiyo na sibabaiki. Na watu wanamsifia Tracy, anastahili kabisa, ila wanamsahau David Kershenbaum, prodyuza wake, ambaye kazi yake kubwa mle ndani ilikuwa kujua wapi asiweke kitu.

Tracy kazaliwa Cleveland, Ohio, mwaka 1964, kalelewa na mama yake, maisha ya kubana, akapata ufadhili wa shule ya bweni halafu chuo cha Tufts kule Massachusetts. Akawa anapiga gitaa migahawani na mtaani pale Harvard Square. Mwanafunzi mwenzake, Brian Koppelman, akamsikia akaganda, na baba yake Brian alikuwa mtu mzito kwenye biashara ya muziki, sasa wewe ungedhani dada atakimbilia hiyo nafasi, wapi, hakuwa na haraka nayo kabisa. Brian kaja kugundua kuna demo, yaani rekodi za majaribio, zimerekodiwa redio ya chuo, na yeye mwenyewe anasimulia kwamba alikwenda pale, rafiki yake akamzuga aliyekuwa zamu, yeye akachomoka na kanda akampelekea mzee. Kutoka hapo ndo mkataba wa kampuni ya rekodi ya Elektra ukapatikana.

Halafu ikaja shida ya prodyuza. Kumbukeni hiyo ni miaka ya 80, muziki wote ni vinanda vya umeme, dramu za mashine, mwangwi kila kona, nani anataka binti na gitaa kavu anaimba habari za umaskini? Waliofuatwa mwanzo walikataa. Kershenbaum, ambaye alishafanya kazi na waimbaji kama Joan Baez na Joe Jackson, akakubali, wakarekodi studio yake Hollywood kwa wiki nane tu. Besi akapiga Larry Klein, dramu Denny Fongheiser, na hawa hawakuokotwa tu, walijaribiwa watu mpaka wakapatikana wanaoweza kupiga bila kumfunika.

Sasa vaa hedifoni usikilize Fast Car. Lile gitaa linazunguka palepale, linarudia na kurudia, na beti zote za mwanzo wapigaji wapo lakini wamejibana pembeni kama wageni waliokaa mlangoni, unamsikia Tracy anavyovuta pumzi. Kiitikio kikiingia ndo dramu zinafunguka kwa nguvu, na ule mfunguko unakupiga kifuani kwa sababu umesubirishwa. Prodyuza mwingine angezifungua tangu sekunde ya kwanza na ule wimbo ungekufa palepale. Halafu kuna Behind the Wall, aisee, hiyo haina chombo hata kimoja, sauti tupu, haifiki hata dakika mbili, jirani anasikia mwanamke anapigwa upande wa pili wa ukuta na polisi wakija wanachelewa. Kuweka wimbo kama huo katikati ya albamu ya msanii ambaye hajulikani, mwaka 1988, huo ni ujasiri na kampuni ingeweza kabisa kuwaambia toeni.

Ilitoka Aprili 1988, ikaanza vizuri ila kawaida. Kilichoipaisha ni tarehe 11 Juni pale Wembley, London, tamasha la miaka 70 ya Mandela, mwenyewe akiwa bado kifungoni, na inakadiriwa watu milioni 600 duniani waliliangalia. Tracy alishaimba zake mapema, kamaliza. Ikafika zamu ya Stevie Wonder, ikagundulika diski yenye sauti za kinanda chake haipo, akaondoka jukwaani analia. Uwanja umejaa, televisheni ziko hewani, nani anaweza kupanda muda huohuo bila kufunga mitambo? Tracy, gitaa moja na maikrofoni. Akapanda akaimba Fast Car. Ndani ya miezi michache albamu ikawa namba moja Uingereza na Marekani, na mwaka uliofuata akachukua Grammy tatu. Oktoba hiyohiyo ya 88 alikuja Afrika na ziara ya Amnesty, shirika la haki za binadamu, wakapiga Harare na Abidjan.

Sio wote waliomwelewa lakini. Chuck D wa kundi la rap la Public Enemy alisema wazi kwamba watu weusi hawawezi kumhisi Tracy Chapman, na redio za weusi Marekani kweli hazikumpa nafasi sana. Mimi namheshimu Chuck D ila hapo nakataa katakata, kwa sababu yule anayesimulia kwenye Fast Car, mtu aliyeacha shule amlee baba mlevi, halafu anafanya kazi dukani akisubiri maisha yabadilike, huyo ni mtu wa mtaani kwetu kabisa, huhitaji kufafanuliwa.

2023 Luke Combs, mwimbaji wa kantri, akairudia Fast Car, hakugeuza hata lile neno linalomtaja mhusika kama msichana wa kaunta, na Tracy akawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya CMA, zile tuzo za muziki wa kantri, ya wimbo bora wa mwaka, miaka 35 baada ya wimbo kutoka. Februari 2024 wakaimba wote Grammy, na gitaa lile la mwanzo lilipoanza tu ukumbi ukalipuka. Mwaka 2025 albamu ikatolewa upya kwenye santuri, Tracy na Kershenbaum wakikaa tena pamoja kuisimamia. Kama una nafasi isikilize kwa mpangilio uleule waliouweka, na ukifika For You, ule wa mwisho, sikiliza walivyomuacha na gitaa lake tu.