Kitonga, mabango magotini

Tulitoka Stendi ya Magufuli saa 12 asubuhi, mabango ya mdogo wangu nimeyaviringisha katikati ya magoti. Yeye ndiye msanii. Angekuja kesho kwa ndege hadi Songwe. Mimi, dada mtu na msemaji wake, natangulia kwa basi, Dar hadi Mbeya, kilomita zaidi ya 800: kuna redio za kuzungukia, waandishi wa kubembeleza, gari la matangazo la kupita Mwanjelwa mpaka Uyole. Mikumi niliwaona pundamilia wachache, nikalala.

Mlima wa Kitonga ndio ulioniamsha. Lori la mafuta ya Zambia limezima konani, foleni nyuma yake, upande huu jabali, upande ule korongo. Mama niliyekaa naye, Mbena wa Makambako aliyetoka kumwona mjukuu Dar, akachungulia ukingo wa bango: jicho moja na hereni.

"Huyu si yule mwimbaji?"

"Mzigo wa watu, mama."

"Ana sauti, ila utu hana. Kamtupa mama yake. Mama anauza mkaa, yeye anabadilisha magari!"

Mama yetu hajawahi kuuza mkaa. Hiyo habari niliipika mimi, wiki mbili kabla wimbo haujatoka, kwa meseji moja niliyomrushia mtu wa udaku. Wenyewe tunaita kiki. Mkaa waliongeza wao huko mbele. Na wimbo ulipasua kweli, siwezi kukataa. Mama habari hizo zilipomfikia aliniuliza jambo moja tu: majirani awajibu nini?

Saa nzima pale mlimani mdogo wangu akasutwa, na mdomo unaolipwa kumsemea umefumbwa. Ningeanzia wapi?

Lori likavutwa. Ilula nikanunua nyanya dirishani. Iringa tuliiona kwa juu tukiwa Ipogolo, hatukupanda. Kuanzia Mafinga, kwenye ile misitu ya misonobari, baridi ikaanza kupenya miguuni.

Makambako yule mama akashuka na furushi lake, kisha akarudi akagonga kioo.

"Ukimwona huko Mbeya, mwambie akamsalimie mama yake."

"Nitamwambia, mama."

Uyole giza limeshaingia, nikampigia. Akaanza habari za taa za jukwaa. Nikamkatiza: "Mama mara ya mwisho umempigia lini?"

Akacheka. Halafu nikawa nasikia feni tu, ya chumbani kwake, Dar.