Kioo kwa samaki, sufuria kwa mkate

Mkate wa kumimina ukitoka mweupe chini na mkavu juu, hulaumiwa hamira, hulaumiwa tui, hulaumiwa hata mchele. Chombo hakitajwi. Leo nataka kukisemea chombo, maana mara nyingi kosa liko pale.

Alumini hupitisha joto upesi. Ndiyo maana sufuria yetu ya kawaida, ile isiyo na mikono, yenye ukingo uliopinda, inafaa sana kwa mkate na keki: moto unaufikia mchanganyiko mapema, na ubavu unashika rangi kabla katikati hakujakauka. Chagua nzito. Ile nyembamba inayobonyea ukiiminya kwa kidole gumba huunguza chini kwa mabaka. Bati jeusi nalo hunyonya joto kuliko linalong'aa, kwa hiyo punguza nyuzi kama 10.

Kioo huchelewa kupata moto, na kikishaupata hakiuachii. Keki ya nyuzi 180 ukiioka kwenye kioo, shusha hadi 165 na uiongezee dakika chache, la sivyo kingo zitakuwa ngumu na katikati bado uji. Kwa keki mimi sikichagui. Lakini kwa samaki wa kupaka nakitetea kwa moyo wote! Ndimu, ukwaju na nyanya hula alumini isiyopakwa kitu. Mchuzi unaingia ladha ya chuma na sufuria inabaki na madoa. Kioo hakidhuriki na asidi, tena kinakuonyesha kazi: vipovu vidogo vya tui vinaanza kwenye kona, vinatambaa ubavuni, na vikishazunguka pande zote unajua tui limechemka bila kufungua mlango na kupoteza joto.

Adui wa kioo ni mabadiliko ya ghafla. Upande uliopozwa husinyaa, ulio na moto bado umetanuka, kioo kinapasuka. Basi usikitoe kwenye friji ukakiingiza moja kwa moja kwenye oveni, usikiweke chini ya moto wa juu wa kubanika, wala usikitue kikiwa cha moto kwenye sinki lenye maji au marumaru baridi. Kitue juu ya ubao au kitambaa kikavu. Ukitaka kuongeza tui katikati ya upishi, lipashe kwanza.

Kabla ya kununua, pima oveni kwa ndani. Oveni ndogo za mezani hudanganya kwa nje. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande, ukihesabu na mikono ya bakuli. Trei inayoziba waya wote huzuia hewa ya moto kupanda, chini kunaungua na juu hakubadiliki rangi.

Umbo nalo lina hesabu yake. Bati la mraba la sentimita 20 lina eneo la sentimita za mraba 400. La duara lenye kipenyo hichohicho lina 314 tu. Mchanganyiko uleule utasimama juu zaidi kwa robo na ushei, na katikati kutachelewa kuiva. Badala ya mraba wa 20, chukua duara la 23.

Ujazo upime kwa maji. Chombo kikishika lita 2 hadi ukingoni, mchanganyiko wa keki usizidi lita moja na theluthi. Wa hamira, lita moja.