Wa kwanza kijijini, wa 41 bwenini
Darasa la saba niliongoza, nikachaguliwa shule ya vipaji maalumu, ya bweni, inayokusanya waliofaulu sana (waliopita Ilboru, Kibaha na Mzumbe mnaelewa ninachosema). Mtihani wa kwanza tu, nafasi ya 41 kati ya 44! Usiku ule nilikaa juu ya tranka nikihesabu nauli ya kurudi kwa mama. Aliyenituliza ni jamaa wa kitanda cha juu; taa zikizimwa ananielekeza aljebra kwa tochi, wala hanicheki.

Sasa mwanangu naye anafaulu sana, watu wananiuliza kama nitampeleka huko. Nasita. Mimi nilinufaika, sikatai. Lakini yule niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi, niliyekuwa namwelekeza hesabu kila siku, alibaki sekondari ya kata, ya pale kwetu. Aliishia kidato cha pili.