Mpiga besi alipouliza kama nimekuja kutazama

"Kaka, leo umekuja kupiga au kutazama?"

Swali hilo nilitupiwa na mpiga besi wetu katikati ya mazoezi ya bendi, mguu wangu ukiwa bado juu ya pedali mpya ya gitaa, kile kisanduku cha kukwaruzisha sauti, niliyoisifia wiki nzima. Sikuwa na jibu. Mkono ulikuwa unauma kwa kucharaza, ampu (spika ya gitaa na kikuza sauti chake) imefunguliwa kuliko kawaida, na bado mtu aliyesimama hatua tatu tu kutoka kwangu hanisikii.

Chumbani pedali hiyohiyo ilikuwa moto wa kuotea mbali. Besi, yaani sauti nzito, imejaa, sauti za juu zinametameta, geini (kiasi cha ukwaruzo) nimeizungusha hadi saa tisa. (Nikitaja saa hapa nasema mkao wa nobu, kitufe cha kuzungusha: saa sita inatazama juu kabisa, saa tatu imelala kushoto, saa tisa imelala kulia.) Nilipiga kodi moja ya E, kodi za gitaa (noti kadhaa kwa pamoja), si zile za serikali, nikaona safari ya kutafuta pedali imeisha.

Siku ile ya mazoezi niliacha simu ikirekodi juu ya kiti. Niliposikiliza baadaye, ngoma zipo, besi ipo, mwimbaji yupo. Mimi nilikuwa mchakacho tu, kama mvua inayonyesha kwenye bati la jirani.

Uzi mnene wa gitaa, ule wa E, hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde, yaani hezi 82. Huko chini kuna wenyewe tayari: gitaa la besi na ngoma kubwa ya mguu. Juu kabisa kuna matoazi, nayo hayana huruma. Kilichobaki kwa mpiga rithimu, mpiga gitaa la kusindikiza kama mimi, ni katikati, na pedali yangu ilikuwa imechimba shimo hapohapo. Nilikuwa nagombania nafasi za watu, yangu nimeiacha wazi.

Sikio nalo lilinidanganya. Watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hili tangu mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio huzipokea kwa udhaifu sauti nzito na zile nyembamba sana, kuliko za kati. Ndiyo maana usiku, ampu imebanwa isiamshe watu, unaongeza besi na makali mpaka moyo uridhike. Kesho yake unafungua volyumu mbele ya ngoma, na kila ulichoongeza kinafura. Tangu nilipolielewa hilo, sichagui tena pedali kwa volyumu ya chumbani. Kama ni lazima iwe chumbani, basi nacheza juu ya rekodi yenye ngoma na besi, nasikiliza kama nipo au nimezama.

Sasa, pedali niliyokuwa naidharau ni ile ya kijani, Tube Screamer ya Ibanez. Ukiisikiliza peke yake ni kama mtu anayezungumza amebana pua. Besi imeenda wapi? Imepunguzwa makusudi. Kabla haijakoroza sauti, yaani kuikwaruzisha, saketi yake inashusha nguvu ya kila kilicho chini ya takriban hezi 720, na kadiri unavyoteremka ndivyo inavyozidi kushusha. Baadaye sehemu ya toni inalainisha makali ya juu. Kinachosalia ni kinundu katikati, palepale nilipokuwa nimechimba shimo. Diodi zake, vipande vya saketi vinavyobana vilele vya mawimbi, zimefungwa kwenye njia inayorudisha sauti ndani ya chipu, hivyo vichwa vya mawimbi vinaviringwa badala ya kufyekwa. Kuhusu chipu yenyewe, ile 4558, watu wanakesha wakibishana. Nimesikiliza kadhaa, na sijaona tofauti ya kuninyima usingizi.

Nilichonunua mwishoni, hata hivyo, ni binamu yake wa rangi ya manjano, SD-1 ya Boss, inayotengenezwa tangu 1981. Fikra ni ileile, ila diodi zake hazilingani pande mbili: upande mmoja wa wimbi una moja, mwingine una mbili. Masikioni mwangu hilo linaipa sauti ukwaruzo kidogo, na kwa roki ukwaruzo kidogo ndio tunaoutaka. Draivu (ndiyo geini yake) naiweka saa tatu, levo (volyumu ya pedali) naipandisha kupita saa sita, na kazi kubwa naiachia ampu ambayo tayari imeanza kukwaruza yenyewe. Pedali inapunguza besi kabla haijafika kwenye ampu, ampu inakoroza kilichobaki, na mkono wa kulia ukibana nyuzi zile "jug jug" zinatoka kavu, hazivuti mkia. Wapiga metali wanafanya hivyohivyo, draivu wakiishusha karibu na sifuri.

Ampu yako ikiwa safi kabisa, hesabu inabadilika. Hapo pedali ndiyo inayobeba mzigo wote, na pua iliyobanwa inaweza kuchosha. Pedali nyingine, Blues Driver ya Boss, ya mwaka 1995, haina kinundu hicho. Inang'ara zaidi na inafuata mkono: ukigusa kwa upole inasafika, ukicharaza inang'ata. Tatizo lake ni kwamba kwenye ampu yenye makali mengi inakuwa nyuki. Pedali ya RAT nayo ni jambo jingine, diodi zake zinamwaga ziada ardhini na mawimbi yanafyekwa kweli. Ukiijaribu, kumbuka nobu yake ya Filter inafanya kazi kinyume: kuizungusha kulia ni kupunguza makali. Nilihangaika nayo dakika kumi nzima kabla sijagundua.

Kosa jingine nililokuwa nalifanya ni kuijaribu pedali kwa rifu, vipande vifupi vya kurudiarudia, za nyuzi mbili. Rifu za hivyo zinasamehe kila kitu. Chukua A ya hezi 110 na E ya 165: zikikorozwa pamoja zinazaa sauti ya tatu, tofauti yao, 55, ambayo ni A ileile oktava moja chini. Ndiyo maana nyuzi mbili zinasikika kama jengo zima. Sasa ongeza C# katikati, kama 138.6. Tofauti yake na A ni 28.6, na tofauti yake na E ni kama 26.4. Sauti mbili zilizokaribiana hivyo, huko chini kabisa, zinapigana, na kadiri geini inavyopanda ndivyo unavyousikia ugomvi wao kama tope. Kwa hiyo mimi sasa naanza na kodi kamili ya nyuzi sita, ninaiacha ilie, nasikiliza kama bado naweza kuitambua ile C#. Ikizama, nashusha draivu. Ikiendelea kuzama hata draivu ikiwa chini, pedali hiyo si ya rithimu, angalau si kwa mkono wangu.

Baada ya hapo nashusha volyumu ya gitaa lenyewe hadi 6 au 7. Pedali nzuri inasafika bila kufifia. Mbovu inabaki ileile, ndogo tu.

Wanaotaka ushahidi kwamba geini nyingi si lazima, wamsikilize Malcolm Young, mpiga rithimu wa bendi ya roki ya AC/DC: gitaa la Gretsch lililobakizwa pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) moja, ampu ya Marshall, nyuzi nene, na sauti iliyokaribia kuwa safi kuliko tunavyoikumbuka. Ukubwa ule ni mkono wake. Mimi mkono huo sina, ndiyo maana nanunua pedali.

Bado kuna jambo moja halijakaa sawa. SD-1 na gitaa langu la hambaka, pikapu za koili mbili, wanaelewana. Nikichukua lile la pikapu za koili moja, ambalo tangu mwanzo lina besi kidogo, sauti inakonda mpaka mpiga besi ananigeukia tena na lile jicho lake. Nimeazima Blues Driver kwa ajili ya nyimbo hizo tatu. Mazoezi ni Jumamosi, simu itakuwa juu ya kiti.