Pauni 52 za Upepo

Jana asubuhi nimejaza upepo baiskeli ya marehemu babu kwa fundi wa Barabara ya 13, hapa Ngamiani, Tanga. Tairi zote mbili. Nikatia mkono mfukoni, nikauliza shilingi ngapi. Fundi hata kichwa hakuinua. "Upepo, kaka? Nenda zako."

Wallahi nilibaki nimesimama. Wiki tatu kabla ya kupanda ndege kuja likizo, kule Lincolnshire, Uingereza, ninakoishi, nimelipia upepo pauni 52. Badilisha mwenyewe kwa shilingi; mimi nikibadilisha nakosa usingizi.

Naandika haya barazani, kahawa mkononi, vijana wamenizunguka tangu mpwa wangu aone picha kwenye simu yangu. "Mjomba, hii si bunduki?" Bunduki, ndiyo, lakini ya upepo. Basi likawa swali juu ya swali, na mmoja anayetaka kuja Uingereza mwakani ameshaniagiza nimuulizie bei. Nikaona heri niandike mara moja, kila atakayeuliza nimtumie.

Hii si ile ya springi unayokunja mtutu kila ukitaka kupiga. Hii wanaiita PCP. Ina mtungi wake mwembamba chini ya mtutu, unaujaza hewa kabla, halafu kila ukifyatua inatoa funda moja la hewa kusukuma risasi. Haikupigi teke begani, ndiyo maana hata mtu asiye na mazoezi anapiga karibu na pale alipolenga. Ya springi inarukaruka mikononi, lazima uizoee. Lakini ya springi ina wema wake ambao sikuujali wakati ule: haimdai mtu hewa.

Sasa mimi niliingiaje. Pale ninapofanya kazi ya kufungasha kabichi kuna mzee mmoja wa Kiingereza, akanichukua Jumapili moja kwenye klabu yao ya kulenga shabaha. Majira ya baridi kule jua linazama saa kumi jioni, wewe uko chumbani na hita unayoiogopa kuwasha, ukipata pa kwenda unashukuru. Nikapiga risasi kumi, saba zikaingia kwenye duara. Basi, nikawa mgonjwa.

Nikaanza kuzunguka madukani. Bunduki zenye jina, Weihrauch HW100 ya Ujerumani, Air Arms na Daystate za Uingereza kwenyewe, bei zake ni za kununulia pikipiki hapa Tanga, na nyingine unabaki na chenji ya mafuta. Chini yake kuna za Kituruki, Hatsan na Kral, na za Kichina za Artemis. Hizo mtu wa mshahara wangu anaweza kuzikaribia. Mwenye akili angechukua mojawapo ikiwa mpya, na dhamana yake, na risiti.

Mimi nikaona nembo.

Waliokulia Tanga mnajua, huu ni mji wa baiskeli. Babu alikuwa na BSA, ile nyeusi, na mbele pale chini ya usukani pana bunduki tatu zimeegemezwa pamoja. Utotoni nilikuwa nauliza, baiskeli na bunduki wapi na wapi? Babu anasema nyamaza, sukuma. Sikujua kwamba BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni ya silaha iliyoanzishwa 1861, baiskeli zikaja baadaye. Biashara ya baiskeli waliiuza kwa Raleigh 1957, na upande wa bunduki za upepo ukanunuliwa na Gamo wa Hispania 1986, lakini nembo haikufa. Nikaiona kwenye BSA Ultra iliyotumika, anauza mtu binafsi, pauni 260. Moyo ukasema babu. Nikalipa.

Hapo ndipo pa kunisikiliza, ninyi mnaohesabu kwa kuangalia kibandiko cha bei. Bunduki ya PCP peke yake ni pasi bila mkaa. Haina darubini: pauni 65, na hiyo ya hali ya chini. Haina hewa. Mtungi wa wapiga mbizi wa kuijazia, uliokwisha tumika, na mpira wake na saa yake ya kupimia, pauni 95. Nikaupeleka dukani kujazwa. Kijana wa kaunta akaugeuza, akasoma tarehe iliyogongwa shingoni, akacheka na mwenzake kwanza, ndipo akanigeukia mimi. Mtungi umepitwa na muda. Kule mitungi hiyo lazima ipimwe kwa shinikizo la maji kila miaka 5, na bila mhuri mpya hakuna anayeujaza. Kupima na kujaza: 52. Siku ya pili bunduki ikawa inavuja. Oringi, yaani pete za mpira za kuzibia hewa, na mafuta yake: 18. Jumlisha. Nilitoka nyumbani na bunduki ya 260, nikafika kwenye shabaha na bunduki ya 490.

Kisheria walikuwa sawa, nakubali. Kilichoniuma ni kile kicheko.

"Mjomba," mpwa ananikata, "si ungejaza kwa kompresa ya gereji?" Nikacheka na mimi. Shinikizo la hewa linapimwa kwa baa; kompresa ya gereji inafika 8, 10 hivi. Tairi hili la babu likijaa sawasawa halifiki 5. Ultra inajazwa mpaka 232. Ndiyo maana mtungi uliochoka si jambo la mzaha, unaweza kukutoa uhai. Na asitokee mjuaji akasema kuna mitungi ya oksijeni hospitali: oksijeni safi ikikutana na mafuta humo ndani chini ya shinikizo hilo, inalipuka. Hata oringi za bunduki hupakwa mafuta ya silikoni tu, si girisi ya mnyororo.

Kuna pampu ya mkono. Ukiiona utasema ni ya baiskeli, ila ndani inakandamiza hewa kwa hatua tatu. Ni nafuu kuliko mtungi na hakuna wa kukucheka kaunta, lakini mwanzo unapiga kwa mikono, mwisho unailalia kwa kitambi. Inapata moto, inabidi upumzike nayo, na unyevu wa hewa unaingia bundukini usipokuwa mwangalifu. Ila kwa mtu wa bajeti, bunduki ya kwanza, naona ndiyo njia. Kwa sharti moja: chagua bunduki yenye mtungi mdogo. Vijana wanapenda yenye chupa kubwa kwa sababu inapiga risasi nyingi. Nani anaijaza?

Regyuleta nimeulizwa pia. Ni ndugu wa ile ya jiko la gesi: inatoa hewa kwa kipimo kilekile, risasi ya kwanza na ya ishirini zikaenda mwendo mmoja. Yangu haina. Nikiijaza mpaka juu kabisa risasi za mwanzo zinakwenda pole, za katikati ndizo kali, kisha zinaanza kulegea. Napata kama 30 nzuri, najua wapi pa kuanzia na wapi pa kukoma. Ukiipata yenye regyuleta kwa bei yako, chukua. Usipoipata usilie.

Ukubwa wa risasi ni mbili za kawaida, milimita 4.5 na 5.5. Ndogo inanyooka zaidi hewani, inafaa shabaha. Kubwa ni nzito, wawindaji wa sungura na njiwa wengi wanaipenda. Habari ya nyama hiyo kuwa halali au la, waulizeni masheikh. Mimi napiga karatasi.

Sheria sasa, maana hapa ndipo wageni tunaumbuka. England ukiwa na miaka 18 na nguvu ya bunduki haizidi futi-pauni 12, yaani jouli 16 na kidogo, huhitaji leseni. Ikizidi hapo ni silaha ya moto kamili na polisi wako mlangoni. Ukihamia Scotland, tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti. Dukani mnakabidhiana ana kwa ana, haiji kwa posta. Na barabarani iwe ndani ya begi lake, tupu, na uwe na sababu ya kuwa nayo. Mtu mweusi na bunduki mkononi kwenye kituo cha basi, sina haja ya kuwamalizia.

Kuhusu kunibebeshea moja mpaka Tanga: hapana. Nendeni kwanza polisi Chumbageni mkaulize, mkija na karatasi tutaongea.

Nisiseme kule kubaya tu. Oringi nilinunua, lakini aliyeitia ni yule mzee wa klabu. Alipaka maji ya sabuni kila kiungo, akasubiri, povu likachemka pale mtungi unapoungana na mwili. Saa nzima, miwani puani, hakutaka hata senti. Nimemnunulia majani ya chai ya Usambara, nusu kilo.

Jioni tairi la nyuma likawa limelala. Nikarudi Barabara ya 13. Fundi akavua tyubu, akaizamisha kwenye beseni, akaizungusha taratibu mpaka mapovu yakatoka. Akatia kiraka. Shilingi mia tano. Nikampa elfu nikamwambia baki nayo, akanitazama, akafungua kopo lake la chenji, akanirudishia mia tano yangu.