Kafara ya h7

Nilifungua barua pepe ya mchezo wetu wa chesi nikitarajia hatua ya kawaida, nikakuta mpinzani wangu amemtoa askofu wake kafara: amekula askari wa h7 (kila mraba wa ubao huitwa kwa herufi na namba) na kumpa mfalme wangu cheki, yaani kumshambulia moja kwa moja. Moyo ulinienda mbio. Kafara hii ni kongwe, Mwitalia Gioachino Greco aliiandika tangu karne ya 17, na wengi waliokutana nayo mezani walimalizwa haraka. Ila chesi ya barua ina neema yake: nilikuwa na siku tano za kujibu. (Mashindano ya ICCF, shirikisho la kimataifa la chesi ya barua, huruhusu programu za kompyuta, lakini sisi wawili tulikubaliana kutozitumia.)

Nilipanga kete kwenye ubao wa mbao. Nikimla askofu, farasi wake atakuja g5 kwa cheki nyingine. Mfalme akikimbilia h6, farasi anaruka f7: cheki mbili kwa mpigo, yake na ya askofu wa c1, huku malkia wangu wa d8 naye yumo hatarini. Hapana. Mraba wa g6 ulinitisha, nikaupita. Ikabaki kurudi g8.

Hapo kwa kawaida malkia huja h5 kutishia mati h7, yaani cheki ambayo mfalme hana pa kuikimbia. Nikamwona askofu wangu wa c8, ambaye sikuwa nimemgusa tangu mwanzo. Askari wetu wa safu ya e walishalana mapema, kwa hiyo njia yake ilikuwa wazi: anatoka hadi f5, analinda h7, basi. Nikaandika mpango mzima daftarini, nikakaribia kutuma.

Kilichoniokoa ni mazoea yangu ya kuhama kiti na kukaa upande wa mpinzani. Nikiwa kwake nikaona d3 pametupu, maana askofu wake ndiye aliyekuwa pale. Malkia akija d3 badala ya h5, tishio ni lilelile, lakini askofu wangu akitoka f5 analiwa bure! Mraba huo ulinikalisha siku mbili. Jibu lilikuwa kusogeza askari g6 tu, azibe njia ya malkia kwenda h7. Malkia akitaka kuzungukia h3, askofu wa c8 anamngoja palepale. Kumbe ulinzi wake ulikuwa ni kutulia nyumbani.

Siku ya nne nikamla askofu. Farasi akaja g5, nikarudi g8. Mpinzani alikaa kimya siku tatu, kisha barua ikaingia: malkia d3.

Nilijibu jioni ileile.